Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Wahenga walisema: penye miti hapana wajenzi. Wiki hii, ndugu msikilizaji, methali hiyo inanipeleka Kabungu, jirani na mji wa Mpanda, katika nchi ya mahindi, mpunga na karanga.

Sisi wa mjini tukisikia utapiamlo, upesi tunasema ni ukame. Hesabu zinakataa. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikuta watoto 34 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Rukwa, mkoa uliokuwa na Mpanda ndani yake hadi Katavi ilipoundwa mwaka 2012, walikuwa 56. Mkoa wa kulisha taifa! Ilikuwaje?

Turudi nyuma. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Rukwa akalipwa sawa na aliye karibu na Dar es Salaam, gharama za kusafirisha zikabebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa. Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Iringa zikawa ghala letu. Gunia lilihesabiwa, saa za mama aliyelijaza hazikuhesabiwa.

Mvua zikianza, mama yuko shambani tangu alfajiri, na bado kuni na maji vinamngoja. Mdogo aliyeachishwa ziwa hubaki na dada yake, naye ni mtoto vilevile, pamoja na sufuria ya uji mweupe. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi hulijaza maji, naye anahitaji kula mara kadhaa kwa siku, uji ukiwa na karanga, maharage au dagaa. Karanga zipo, lakini ndizo fedha za chumvi, sabuni na dawa.

Mtoto akidhoofu, majirani hunong'ona: amebemendwa, wazazi wamevunja mwiko. Mama huona haya, akamficha. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akiwa Ghana ya leo, aliandika juu ya kwashakoo, jina alilolichukua kwa Waga: ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani mwenzake anapozaliwa. Wazee wa huko, kama wa kwetu, waliona sawasawa kwamba mimba za kufuatana humuumiza mtoto. Kosa letu ni kuugeuza ujuzi huo kuwa fedheha ya mama peke yake.

Iringa ilijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 1983, kwa msaada wa WHO, UNICEF na Italia, vijiji 168 vilipima watoto wao hadharani, na serikali ya kijiji ikauliza: huyu amepungua uzito kwa nini? Nani humlisha mama yake akiwa shambani? Utapiamlo mkali ulipungua kutoka watoto 6 hivi kati ya 100 hadi chini ya 2.

Lakini utafiti wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi kwa udumavu, watoto 57 kati ya 100. Mradi una mwisho; kazi za mama hazina.

Basi leo jioni, tukimega ugali, tusiishie kuuliza bei ya sembe. Tuulize pia aliyeilima alirudi nyumbani saa ngapi, na mwanawe alikula nini.