Rangi ya 1965, Breki za Baadaye

Mtu anayekuuzia Mustang ya wazi ya 1965 hukufungulia mlango kwanza. Anataka ukae, ushike usukani, unuse viti vipya. Mimi humwambia afungue boneti. Kwenye bati la ndani la madigadi ya mbele, upande wa dereva, kiwanda kiligonga namba: tarakimu 5 ya mwaka, kisha herufi ya kiwanda, F kwa Dearborn, R kwa San Jose, T kwa Metuchen huko New Jersey. Zinazofuata ni tarakimu mbili, na hizo ndizo zinazonipeleka pale. 08 ni gari lililotoka kiwandani bila paa la bati. 07 ni la paa la bati, na ukiikuta 07 kwenye gari lenye turubai, jua kuna fundi alishika msumeno.

Paa si pambo. Gari la aina hii halina chesisi iliyojitenga. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na paa ni sehemu ya mshikamano huo. Ukiliondoa, gari hulegea kiunoni. Ford walilijua hilo, ndiyo maana la 08 lina vizingiti vilivyoongezwa bati kwa ndani, bamba la chuma chini ya viti vya mbele, na maboksi ya chuma pale sakafu inapokutana na fremu ya injini. Aliyekata paa uani kwake mara nyingi hakuviweka vyote. Kipimo changu hakihitaji mashine: piga jeki nyuma ya gurudumu la mbele, fungua mlango, ufunge tena. Mlango ukigoma au ukakwaruza, shukuru, uende zako.

Nilijifunza ufundi Mombasa, kwenye gereji ya Mwembe Tayari, na sasa nafanya kazi Michigan, mwendo mfupi kutoka kiwanda kilichozaa magari haya. Ford waliizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Lee Iacocca, aliyesimamia magari ya Ford wakati huo, hakuwa na fedha za kubuni gari jipya tangu chini, kwa hiyo ndani ya sura ile ya kupendeza ilikaa Falcon, gari la watu wabana matumizi: injini yake ndogo ya silinda sita, springi zake, breki zake. Ya wazi ilianzia dola 2,614. Mwalimu mmoja wa Chicago aliipata yake siku mbili kabla ya uzinduzi. Ilikuwa imefichwa chumba cha nyuma, muuzaji akashindwa na ulimi wake. Mwaka wa kwanza Mustang zaidi ya 400,000 ziliuzwa, na za wazi za modeli ya 1965 pekee zilipita laki moja. Wingi huo ndio unaowalisha mafundi mpaka leo. Hakuna nati ya gari hili isiyotengenezwa upya na mtu fulani mahali fulani, na ukiwa na fedha utaletewa bodi nzima mpya juu ya lori.

Desturi ya kubadilisha matumbo ya gari ni ya zamani kuliko Mustang. Vijana wa California walikuwa wakivua madigadi ya Ford kuukuu na kutia injini zenye nguvu zaidi, kisha wakashindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc; chama chao cha kupima kasi kiliundwa mwaka 1937, na baada ya vita, mwaka 1948, likaja gazeti la Hot Rod kuwafundisha wengine. Sisi Mombasa tuliitia Peugeot 504 injini ya Nissan kwa sababu spea za Mfaransa zilikuwa ghali, na abiria alikuwa anasubiri. Wao walifanya kwa raha. Spana ni zilezile.

Shemeji yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, anakaa Columbus, Ohio. Alipata Mustang nyekundu ya 1965, ya wazi, aliyoambiwa imefufuliwa yote, mwenyewe anataka dola 46,000.

"Shemeji, imekaa kama bibi harusi," akaniambia kwenye simu. "Mie nataka upepo tu."

"Upepo utaupata bure. Wewe unanunua breki."

Hakunielewa, na tulipokwenda kuiona muuzaji naye hakunielewa, kwa sababu alitaka kuzungumzia rangi. Ile nyekundu ilikuwa na namba 08, hilo lilitupumzisha. Tukaipandisha lifti.

Masta silinda ya kiwandani ya 1965 ina chungu kimoja cha mafuta kwa magurudumu yote manne. Paipu moja ikipasuka, pedeli inashuka mpaka sakafuni na huna breki popote. Breki zenyewe zilikuwa za drumu mbele na nyuma. Diski za mbele ulizilipia zaidi. Kisha, Novemba 1965, mwanasheria Ralph Nader alitoa kitabu chake cha kuwashitaki watengenezaji wa magari mbele ya umma kwa kupuuza usalama. Tarehe 9 Septemba 1966 Rais Johnson akatia saini sheria ya usalama wa magari, na kuanzia tarehe 1 Januari 1968 kila gari jipya lilipaswa kuwa na breki zilizogawanywa sehemu mbili, moja ikifa nyingine iendelee kufanya kazi. Ford walikuwa wameiwekea Mustang mfumo huo tangu modeli ya 1967. Kwa hiyo nikiona masta yenye vyungu viwili kwenye gari la 1965, nayaona mabishano ya Washington yamefungwa kwa nati mbili kwenye ukuta wa injini. Nyekundu ilikuwa nayo, pamoja na diski mbele. Vizuri.

Usukani wa kiwandani ni fimbo moja ya chuma kutoka kwenye boksi la stelingi mpaka mbele ya kifua cha dereva. Ukigonga mti, fimbo inarudi nyuma. Shafti inayojikunja ililetwa na kanuni za sheria hiyohiyo, zilizoanza 1968. Tangi la petroli nalo: bati lake la juu ndilo sakafu ya buti. Unaweka begi lako juu ya petroli, na kati ya petroli na kiti cha nyuma hapana ukuta wa maana. Mafundi makini huchomelea bamba pale, kazi ya nusu siku. Nimeshaona magari yenye injini ya kutisha na stirio ya kutikisa mtaa, bamba hilo hamna. Mikanda ya kifuani ndiyo shida zaidi, maana gari la wazi halina nguzo ya katikati ya kuifunga. Lazima utengeneze kishikio, ukichomelee mahali penye nguvu. Anayekifunga kwenye bati jembamba amefunga mapambo.

Springi na mikono ya mbele ndipo ninapocheka. Kwa modeli ya 1974 Ford walitoa Mustang II, ndogo, dhaifu, haina hata modeli ya wazi, na wapenzi wa gari wakaichukia kwa moyo wote. Lakini usukani wake wa raki na mfumo wake wa mbele ulikuwa mdogo, mwepesi, rahisi kupandikiza. Wafufuaji wakaanza kuung'oa kwenye majunkiyadi na kuutia kwenye magari ya kale, halafu viwanda vikaanza kuutengeneza mpya. Leo mtu anajisifia Mustang yake ya 1965, chini imesimama kwa miguu ya dada aliyemkana. Na ile nyekundu hivyohivyo.

Injini ilikuwa ya lita 5.0 ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ya kunyunyizia mafuta kwa nozeli, na gia tano za mkono. Kama ingekuwa injini ya asili ningeuliza habari za vavu. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, na risasi ilikuwa inavilinda viti vya vavu za kutolea moshi. Marekani ilianza kuipunguza miaka ya 1970, ikaipiga marufuku kwa magari ya barabarani kuanzia tarehe 1 Januari 1996. Kwetu, nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006. Silinda hedi ya 1965 ambayo haikutiwa viti vigumu vya chuma, ukiiendesha kwa fujo kwenye barabara kuu, viti vyake vitalika. Hesabu nati za magurudumu pia. Nati nne maana yake gari lilizaliwa na silinda sita. Ukikuta V8 mbele na nati nne nyuma, ekseli haikualikwa harusini.

Bado hatujagusa kapeti. Chini ya kioo cha mbele Mustang hizi zina kijia cha hewa, na bati lake la ndani huoza kimyakimya. Mvua inapita, inashukia miguuni. Nilimwaga kikombe cha maji pale kwenye matundu, kisha nikafunua kapeti upande wa abiria. Maji yalitangulia mkono wangu. Nikapitisha sumaku kwenye kizingiti: ikashika, ikashika, ikaanguka. Puti, unene wa kidole. Muuzaji alikuwa na risiti za injini, giaboksi, magurudumu na rangi. Za kuchomelea sakafu hakuwa nazo hata moja.

"Sasa dola zote hizi ni za nini?" shemeji akaniuliza pembeni, kwa Kiswahili.

"Za vitu vinavyoonekana kwenye picha."

Wengine hununua kwa kuamini kwamba gari la wazi halipotezi thamani. Na hilo lina kisa chake. Mwaka 1965 Wamarekani walinunua magari ya wazi karibu nusu milioni. Mwaka 1974 hayakufika laki moja. Viwanda viliogopa kanuni za gari kupinduka zilizokuwa zinatajwatajwa, na tarehe 21 Aprili 1976 Cadillac wakatoa Eldorado waliyoitangaza kuwa gari la wazi la mwisho Marekani. Mia mbili za mwisho zilikuwa nyeupe zote. Watu wakazinunua wakazifunika, wakisubiri utajiri. Mwaka 1982 Iacocca, wakati huo akiwa Chrysler, akarudisha la wazi. Modeli ya 1984 Cadillac nao wakarudi na Eldorado ya wazi, na waliozifunika zile za 1976 wakakimbilia mahakamani. Kama wataka kuona gari la wazi lililobadilishwa kuliko yote, nenda makumbusho ya Henry Ford hapa Dearborn uitazame Lincoln ya Rais Kennedy. Baada ya yeye kuuawa ndani yake huko Dallas, haikutupwa. Iliwekewa paa la kudumu na vioo vya kuzuia risasi, ikaendelea kubeba marais mpaka 1977.

Ile nyekundu tuliiacha. Shemeji alinunua nyingine Toledo, ya buluu iliyofifia, bei ya chini sana, mwenyewe mzee mstaafu aliyepiga picha kila bati aliloling'oa na kila alilochomelea, pamoja na lile bamba la nyuma ya kiti.

"Karibu mwanangu, uliza chochote," alisema, au alisema kitu chenye maana hiyo kwa Kiingereza chake cha Ohio, na tukamwuliza saa tatu nzima.

Mwezi wa saba shemeji akaileta gereji kwangu. Joto la huku wakati huo halina tofauti na la Mombasa mwezi wa pili, isipokuwa hakuna bahari. Alitaka nimfungie kiyoyozi.

Nilimweleza kwamba zile kanuni za gari kupinduka zilisingiziwa sana, lakini muuaji mkubwa wa gari la wazi alikuwa hicho anachokiomba. Packard walikiuza tangu 1940, Nash wakakirahisisha mwaka 1954, na kadiri bei iliposhuka ndivyo watu walivyopendelea kufunga vioo kwenye barabara kuu mpya kuliko kuunguzwa utosi na kupigiwa kelele na malori.

"Malori ni mimi," akasema. "Funga, shemeji."

Nikafunga. Vifaa vyake vinauzwa vikiwa kamili kwa modeli hiyo, pamoja na matundu ya hewa yaliyotengenezwa yafanane na dashibodi ya 1965.