Neno ‘polishi’ lilivyochubua paa la gari langu

Paa la gari langu lina doa la kijivu, ukubwa wa kiganja, mahali rangi nyekundu ilipokwisha na praima ikachungulia. Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1988, nyekundu, ya zile zilizopakwa rangi kabla hujasikia mafundi wakitaja klia. Abiria wangu wengi hudhani ni kutu. Mimi huwaambia ni kosa la lugha, nao hucheka wakidhani ni mzaha wa walimu wa Kiswahili.

Nilikuwa nimenunua mkebe dukani hapa Nakuru. Maandishi yake yaliahidi kwamba dawa iliyomo husafisha rangi na kuipaka nta kwa mpigo mmoja. Nikaupeleka pamoja na gari kwa vijana wanaoosha magari ukingoni mwa mtaa wa Kivumbini, nikamwambia mmoja wao, “Lipige polish.” Nikaenda zangu kula. Niliporudi gari lilikuwa linang’aa kama kioo, nami nikalipa kwa furaha. Kesho yake asubuhi, juani, ndipo nikaliona doa. Mkebe wangu ulikuwa butini, haujafunguliwa.

Nilirudi nimefura. Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, na naamini aliuliza kwa dhati, “Lakini mwalimu, si ulisema polish? Ungesema wax, ningekupakia wax.” Yeye alikuwa ametumia kompaundi yake nzito na mashine ya kuzunguka. Kwa lugha yake, alifanya nilichomwagiza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia neno hili, na nimeona kwamba sote wawili tulikuwa na haki. Kwangu mimi, kupiga polishi ni kupaka kitu. Kwa fundi, ni kuondoa kitu. Neno moja lilitufikia kwa njia mbili, na paa langu likawa njia panda.

Njia iliyonifikia mimi ilipita viatuni na sakafuni. Waingereza walitoa kitenzi chao katika Kilatini *polire*, ambacho maana yake ni kulainisha na kung’arisha, bila kusema kama unalainisha kwa kukwangua au kwa kupaka. Sisi tulikipokea kikiwa tayari kimefungwa mkebeni. Mtoto wa bweni alijua polishi ni ule mkebe bapa wa viatu. Mfanyakazi wa nyumbani alijua ni ile nta nyekundu ya kusugulia sakafu ya saruji hadi goti liume. Katika hali zote mbili unachota, unapaka, unasugua, na kitu kinabaki na tabaka jipya.

Polishi ya viatu hata ikapata jina la pili, kiwi, kutokana na chapa iliyoanzishwa Melbourne, Australia, mwaka 1906 na William Ramsay, aliyeiita kwa jina la ndege wa New Zealand, nchi ya mkewe. Leo Mkenya humwambia mwenzake “nipakie kiwi” hata mkebe uwe wa kampuni nyingine kabisa. (Kiswahili kilikuwa na kiwi chake tangu zamani: kile kinachoyapata macho yanapokabiliwa na mwanga mkali yakashindwa kuona. Kwa hiyo kiatu kilichopigwa kiwi sawasawa hufanya macho kiwi. Ni sadfa tu, lakini sadfa ya kupendeza.)

Njia ya fundi ilipita gereji. Huko, mtu hupiga putii, hupiga msasa mnene, kisha mwembamba, kisha mwembamba zaidi unaotumiwa na maji, hupaka rangi, halafu hushika kompaundi. Kwake yeye polishi ni hatua ya mwisho ya msasa. Ni msasa wa maji maji, mlaini kiasi kwamba mkono hauhisi chembe zake, ila zimo. Kazi yake ni kula. Hula ngozi ya juu ya rangi, iliyochakaa na kukwaruzika, hadi ifikie iliyo hai. Ukizidisha, hula na hiyo iliyo hai. Pembe za paa na kingo za boneti ndizo huisha kwanza, kwa kuwa rangi huwa nyembamba hapo na mashine hukaza hapo.

Je, Kiswahili hakikuwa na maneno ya kuzitenganisha kazi hizi mbili kabla ya polishi kuja? Kilikuwa nayo, na ya kutosha. Msasa, kwanza kabisa, ni mti. Miti zaidi ya mmoja huitwa hivyo. Mmojawapo ni wa jamii ya mkuyu, *Ficus exasperata*, wenye majani yaliyoparuza kama ulimi wa paka. Mafundi seremala walitumia majani hayo kulainishia mbao zamani kabla ya karatasi yenye mchanga, na karatasi ilipofika ikarithi jina. Wahariri wetu nao wakalichukua neno hilohilo, na ndiyo maana makala hii itakuwa imepigwa msasa kabla hujaisoma. Angalia wanamaanisha nini: maneno ya ziada yameondolewa. Hakuna mhariri anayepiga msasa kwa kuongeza.

Upande wa kupaka tulikuwa na nta. Hiyo ni mali ya nyuki, na hapa kwetu huhitaji kwenda mbali kuitafuta, maana Waogiek wa msitu wa Mau wamekuwa wafugaji wa nyuki na warina asali kwa vizazi. Kiarabu kina neno *sham’*, nta, ambalo kwetu limezaa mshumaa. Tulikopa taa tukaacha malighafi, kwa kuwa malighafi tulikuwa na jina lake.

Ila kitu kilicholigusa gari moja kwa moja ni kingine, na ili kukiona inabidi tuteremke kutoka bondeni hadi pwani. Ni sandarusi.

Sandarusi ni utomvu ulioganda wa msandarusi. Ile bora haikugemwa mtini. Ilichimbwa ardhini, mahali misitu ilipokufa zamani, hasa katika pwani ya Tanzania ya leo, ng’ambo ya Zanzibar. Katika karne ya 19 ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za soko la Zanzibar, pamoja na pembe za ndovu na karafuu. Wanunuzi wakubwa walikuwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ambao Marekani yao ilikuwa imetia saini mkataba na Sayyid Said mwaka 1833. Walileta vitambaa vya pamba, vile ambavyo mpaka leo tunaviita merikani, wakaondoka na sandarusi. Sandarusi ya kuchimbwa ilikuwa na ganda lililoota vipele kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa. Waliliosha kwa magadi hadi vipele vikaonekana safi, na kwa vipele hivyo mnunuzi alijua hajauziwa ya mtini.

Ya mtini, changa na laini, Waswahili waliiita chakazi. Richard Burton, aliyepita huku kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba wafanyabiashara wa Zanzibar walilipotoa neno hilo likawa *jackass*, yaani punda dume, na sandarusi mbichi ikawa inauzwa kwa Kiingereza kama sandarusi ya punda. Nimewahi kuwasikia wanafunzi wangu wakisikitika kwamba Kiswahili hukopa kila siku na hakikopeshi. Nawapa chakazi.

Na sandarusi ilikwenda kufanya nini huko? Kupakwa magari, yale ya kukokotwa na farasi. Vanishi bora ya watengenezaji wa magari hayo, Uingereza na Marekani, ilipikwa kwa sandarusi ngumu iliyoyeyushwa katika mafuta ya kitani. Ilipakwa tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka likikauka lilisuguliwa kwa unga wa jiwe la pumisi na maji, kisha likaja jingine. Msasa, sandarusi, msasa, sandarusi. Kazi ilichukua wiki kadhaa. Motokaa za kwanza zilitoka katika karakana hizohizo, na nyingi zilipakwa kwa utaratibu huohuo, mpaka kampuni ya DuPont ilipoleta rangi ya Duco mwanzoni mwa miaka ya 1920, iliyokauka kwa saa badala ya siku. Rangi hiyo haikung’aa yenyewe. Ilikuwa lazima isuguliwe.

Hapo ndipo mkebe wangu ulipozaliwa, au babu yake. Kampuni ya Simoniz, iliyoanzia Chicago mwaka 1910, iliwauzia wenye magari mikebe miwili: mmoja wa kutakasa rangi, mwingine wa nta. Mnunuzi hangeweza kuichanganya, maana kila mmoja ulikuwa na jina lake na siku yake. Kitenzi kikazaliwa katika Kiingereza cha Marekani kutokana na chapa hiyo, kama kiwi chetu. Baadaye watu wakachoka kuzunguka gari mara mbili. Katika miaka ya 1940 na kuendelea zilienea polishi za maji maji za mzunguko mmoja, ikiwamo ile ya Ben Hirsch, wa Chicago pia, iliyokuja kuitwa Turtle Wax. Ndani ya chupa moja kukawa na chembe laini za kukwangua, mafuta ya kuyeyushia uchafu, na nta, mara nyingi ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mnazi wa porini wa Brazil, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80 za Selsiasi, wakati nta ya nyuki huyeyuka karibu na 62.

Mikebe miwili ikawa mmoja, na vitenzi viwili navyo vikawa kimoja. Huo mkebe si wangu wala si wa kijana wa Kivumbini. Huondoa kidogo, huongeza kidogo. Nguvu zake za kukwangua ni ndogo sana kuliko za kompaundi, na nta yake hudumu muda mfupi kuliko nta tupu. Ni dawa ya gari lililochoka kiasi, la mtu asiye na siku nzima.

Na magari ya huku huchoka upesi. Wanaolieleza jina la Nakuru hulirejesha kwenye Kimaasai, kwa maana ya mahali pa vumbi. Kisha Waswahili wakaja wakaupa mtaa mmoja jina la Kivumbini, wasije watu wakasahau. Vumbi la bonde hili si unga wa udongo mtupu. Ni majivu ya volkano na pumisi, yaani kioo kilichosagwa, pumisi ileile waliyosugulia vanishi. Ukianza kupaka nta juu ya gari ambalo halijaoshwa vizuri, unalipiga msasa kwa mkono wako mwenyewe. Tena njiani kuelekea Nairobi, karibu na Gilgil, kuna Kariandusi, ambako Louis Leakey alifukua mashoka ya mawe, na ambako huchimbwa diatomaiti, udongo mweupe mwepesi uliotokana na magamba ya silika ya mimea midogo mno iliyoishi katika ziwa la kale. Udongo wa aina hiyo hutumika duniani kuchujia vinywaji, kujazia rangi, na kutengenezea polishi.

Kuna neno jingine lililonipotosha, na hili ni letu kabisa: kupauka. Tunasema gari limepauka kama tusemavyo ngozi imepauka, na dawa ya ngozi iliyopauka kila mama anaijua: mafuta. Ndiyo sababu nimeona watu wakifuta boneti kwa dizeli, gari likang’aa hadi jioni. Lakini rangi ya gari ikipauka kwa jua, ile chaki ya juu imekufa. Ukiipaka mafuta umeificha tu. Sharti itolewe kwanza, ndipo kilicho chini kipakwe. Fundi alilijua hilo kwa mikono. Mimi nililijua gari kwa lugha ya ngozi.

Mwezi uliopita nilirudi kwa kijana yule. Mkebe uleule, doa lilelile. Safari hii sikutamka polishi. Tuliliosha gari, tukalikausha, tukalisogeza kivulini likapoa. “Mwalimu,” akaniuliza, “leo tunatoa ama tunaweka?” Nikamwambia vyote viwili, ila kidogo kidogo, na kwa mkono. Akachota kiasi cha sarafu kwenye sponji, akaanza na mlango mmoja peke yake, akizunguka pole pole, akaacha dawa ikauke hadi ikawa ukungu mweupe, akaupangusa kwa kitambaa safi. Kingo akaziruka. Plastiki nyeusi za bampa akazikwepa pia, kwa kuwa dawa hii huziachia weupe usiotoka.

Kisha akanionyesha sponji. Ilikuwa imeingia wekundu.

“Hii ni rangi yako,” akasema. “Sasa niambie nikomee wapi.”