Kiyoyozi cha Mercedes ya zamani: Pima vakyumu kabla ya kulipia gesi

Mwenye Mercedes-Benz 300D ya toleo la W123, lililozinduliwa mwaka 1976, akifika gereji kulalamika kuwa hewa haitoki katikati ya dashibodi bali inapuliza kwenye kioo cha mbele, mara nyingi huambiwa aongeze gesi au anunue kompresa. Hulipa, na hewa huendelea kwenda kiooni.

Katika magari hayo yenye kiyoyozi cha kujiendesha, vilango vinavyoelekeza hewa havisukumwi na mota bali na vikopo vyenye kiwambo cha mpira, vinavyovutwa na vakyumu. Vakyumu ikikosekana, springi hurudisha vilango upande wa kioo. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama: weka mkono kiooni. Kama hewa ya hapo ni baridi, gesi na kompresa havina kosa.

Injini ya dizeli haizalishi vakyumu ya kutosha kwenye njia yake ya hewa kama ilivyo ya petroli, hivyo imefungwa pampu maalumu. Pampu hiyo moja huhudumia busta ya breki, kufuli za milango, vilango vya kiyoyozi na hata kuzima injini. Ndiyo maana gari linaloendelea kunguruma baada ya ufunguo kuzimwa huenda linavuja ndani ya dashibodi au mlangoni. (Injini huzimwa kwa kubonyeza wenzo ulioandikwa STOP chini ya boneti.)

Fundi makini hutenga tawi moja baada ya jingine. Anachomoa mpira wa kufuli na kuziba tundu, kisha anajaribu. Halafu wa kiyoyozi. Tawi ambalo likizibwa injini inazimika vizuri ndilo linalovuja. Baada ya hapo hutumia pampu ya mkono yenye geji, anavuta hadi inchi 15 hivi za zebaki kwenye kila kikopo na kusubiri dakika moja. Mshale ukishuka, kiwambo kimepasuka. Usiposhuka popote, viungio vidogo vya mpira ndivyo vya kushukiwa, kwani hukakamaa kwa joto la miaka mingi. Kisha vali za umeme zinazogawa vakyumu.

Kiungio ni mpira mdogo wa bei ndogo. Gharama iko kwenye saa za kufungua dashibodi, na hapo ndipo mteja hupunjwa. Ni busara kukubaliana malipo ya kupima peke yake, kabla ya bei ya matengenezo.

Magari haya hayawezi tena kuagizwa kwa urahisi: Kenya huruhusu yasiyozidi miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Yanayouzwa sasa ni yale yaliyokwishaingia zamani. Mnunuzi azime injini, kisha afunge na kufungua kufuli mara kadhaa. Zikigoma mara ya kwanza tu, akiba ya vakyumu imevuja na bei ishuke.

Breki zisisahauliwe. Injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa, mguu ubaki juu yake, kisha gari liwashwe. Pedali ikishuka kidogo, busta inapata vakyumu. Isiposhuka, gari lisitoke gereji, hata kama abiria wameshapanda.