Mafuta ya nyonyo: dawa ya koko zetu ilipimwa vipi?

Leo tunarudi kwenye historia, ila tunaanzia hapa hapa Nyakabanda. Ukipanda kuelekea mlima Kigali utauona mti mmoja kwenye miteremko: majani yake kama kiganja kilichofunguliwa, matunda yana miiba laini. Wanyarwanda na Warundi wanauita ikibonobono. Waswahili wa pwani wanauita mbarika au mnyonyo, na mafuta ya mbegu zake ndiyo mafuta ya nyonyo. Nyumba nyingi za kwetu zina kachupa kake. Koko anapaka magotini usiku, mama anapaka kwenye nywele, na wapo wanaompa dada mwenye mimba kijiko kimoja "uchungu uje haraka."

Tukaulizana: haya mafuta yanatuliza maumivu kweli? Na usalama wake je, maana kila mtu anajua mbegu yenyewe ni sumu?

Kwanza, dawa hii ina umri mkubwa sana. Mti wenyewe ni wa upande wetu wa Afrika. Katika maandishi ya tiba ya Wamisri yaitwayo Papyrus Ebers, ya mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, mti huu umetajwa kwa kusafisha tumbo, kuotesha nywele, na kupakwa kichwani kwa mtu anayeumwa kichwa. Karne ya 5 kabla ya Kristo, Mgiriki Herodotus aliandika kwamba Wamisri wa kwenye mabwawa waliyapaka mwilini na kuwashia taa. Akalalamikia harufu. Anayemjua koko wake atacheka hapo.

Lakini kutumika miaka mingi si sawa na kupimwa. Kipimo kikubwa cha kwanza kilikuwa cha sumu. Mwaka 1888 mwanafunzi Peter Hermann Stillmark, katika chuo kikuu cha Dorpat (leo ni Tartu, Estonia), alitoa kwenye mbegu protini inayogandamanisha chembe za damu. Akaiita risini. Ni kati ya sumu kali kabisa zinazotoka kwenye mimea. Mwaka 1978 mjini London, Georgi Markov, mwandishi aliyekimbia nchi yake ya Bulgaria, alichomwa mguuni na kidonge kidogo sana cha chuma. Akafa baada ya siku chache. Wachunguzi walisema ilikuwa risini. Mkimbizi mwenzetu, na mbegu ya mti unaoota nyuma ya nyumba zetu.

Sasa, koko alipakaje miaka yote hiyo bila kufa? Jibu liko jikoni. Risini ni protini: haiingii kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu, na moto mkali unaiharibu. Wazee wetu wanakaanga mbegu, wanatwanga, wanachemsha na maji kwa muda mrefu, halafu wanaengua mafuta yanayoelea juu. Hawakuwa na maabara, ila ile chemsha ndefu ndiyo iliyowalinda. Kwa hiyo kijana anayeruka hatua ya kuchemsha ili auze haraka, anaacha sehemu muhimu kuliko zote. Na mashudu yasipewe kuku wala mbuzi.

Tuje kwenye maumivu. Sehemu kubwa ya mafuta haya ni asidi ya risinoleiki. Mwaka 2000 watafiti walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanyama wadogo wa maabara. Walipopaka asidi hiyo mara moja tu, uvimbe uliweza hata kuongezeka. Walipopaka kwa siku 8 mfululizo, uvimbe ulipungua, na haikuunguza ngozi kama pilipili inavyofanya. Inafanana na maneno ya koko: "Usiku mmoja hautoshi, paka wiki nzima." Ila mnyama wa maabara si koko.

Kwa binadamu, mwaka 2009 madaktari wa India walichapisha jaribio la watu wenye maumivu ya goti. Watu 50 walipewa vidonge vya mafuta ya nyonyo, wengine 50 walipewa diklofenaki, ile tunayoiita diclo, kwa wiki 4. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na waliomeza diclo ndio waliopata madhara. Inapendeza, lakini tusome vizuri. Wiki 4 ni chache. Hakukuwa na kundi lililopewa kidonge kitupu, na goti huweza kupata nafuu lenyewe. Zaidi ya hapo, wale walimeza dozi ndogo iliyopimwa, hawakupaka. Jaribio hilo haliwezi kutuambia kama kupaka kunafanya kazi, wala halimpi mtu ruhusa ya kunywa kijiko nyumbani.

Kuhusu kunywa, watafiti wa Ujerumani walieleza mwaka 2012, kwa kutumia panya, kwamba asidi ile ile inagusa vipokezi vinavyokaza misuli ya utumbo na ya mji wa mimba. Ndiyo maana mafuta yanaharisha, na ndiyo maana wakunga wa zamani waliyatumia. Walichokiona kilikuwa kweli. Na kwa sababu ni kweli, ni hatari: dada mwenye mimba asinywe bila mkunga au daktari kujua.

Hapa Rwanda kazi ya namna hii ina historia yake. Mwaka 1980 kituo cha kuchunguza dawa za asili, CURPHAMETRA, kilianzishwa kwenye chuo kikuu cha Butare. Watafiti wake, akiwemo Luc Van Puyvelde, walichukua umuravumba, ambao kila mzee wa Rwanda na Burundi anaujua, wakatoa kwenye majani kitu kinacholegeza misuli ya tumbo iliyokaza. Walianza kwa kuwasikiliza waganga, ndipo wakapima.

Hiyo ndiyo njia tunayoipenda. Ndugu wa mashirika, mnapomuuliza koko anatumia dawa gani, mwulizeni na mafuta, bila kumcheka. Mkimcheka ataficha, na siku dada mjamzito atakapoyanywa hamtajua. Na sisi vijana, wiki hii tukae na wazee wetu tuandike hatua kwa hatua wanavyoyatengeneza, hasa wanachemsha muda gani. Koko akituacha kabla hatujaandika, ile chemsha inaondoka naye, na mbegu inabaki na sumu yake.