Ruta na jina lililozidi herufi 64: udhaifu mmoja katika vifaa vya kampuni nyingi

Mwezi Mei mwaka 2015, kampuni ya usalama wa kompyuta ya SEC Consult, yenye makao yake nchini Austria, ilitangaza kwamba ruta za majumbani zinazouzwa na kampuni kadhaa kubwa zingeweza kutekwa kwa kupelekewa jina la kompyuta lililo refu kupita kiasi. Jina lenye herufi zaidi ya 64 lilitosha. Kosa hilo lilitokana na kipande kidogo cha programu kilichoandikwa na kampuni moja ya Taiwan, ambayo wengi wa wanunuzi wa ruta hizo hawakuwahi kulisikia jina lake. Miaka sita baadaye, kipande hichohicho kilikutwa na kosa jingine la jamii ileile.

Kisa hiki kinaonyesha namna udhaifu wa aina hii unavyozaliwa, na kwa nini kuugundua na kuurekebisha kiwandani hakumalizi hatari iliyomo majumbani.

Ruta ni kompyuta

Ruta ni kifaa kinachounganisha simu, kompyuta na televisheni za nyumba au ofisi na mtandao wa intaneti. Watu wengi hukichukulia kama kisanduku cha umeme chenye taa na antena. Kwa hakika ni kompyuta kamili: ina kichakato, ina kumbukumbu, na inaendeshwa na programu iliyohifadhiwa ndani yake tangu kiwandani, ambayo mafundi huiita fimwea. Katika ruta nyingi, fimwea hiyo hujengwa juu ya mfumo endeshi wa Linux.

Kila ujumbe unaoingia au kutoka nyumbani hupita katika kifaa hiki. Anayeitawala ruta anaweza kuyaelekeza mawasiliano kwingine, kuyasoma yale yasiyosimbwa, au kuitumia anwani ya nyumba hiyo kuwashambulia watu wengine. Yote hayo yanaweza kufanyika bila mwenye nyumba kuona dalili yoyote, kwa kuwa ruta haina kioo wala haipazi sauti.

Bafa na kufurika kwake

Programu inapotarajia kupokea taarifa kutoka nje, hutenga nafasi maalumu katika kumbukumbu ili kuzihifadhi kwa muda. Nafasi hiyo huitwa bafa, na ukubwa wake hupangwa na mwandishi wa programu. Aliyetenga nafasi ya herufi 64 anatarajia herufi 64 au pungufu.

Tatizo hutokea pale programu inapopokea zaidi bila kupima. Ni sawa na kumimina pishi nzima ya nafaka ndani ya kibaba: kinachozidi humwagika. Tofauti ni kwamba katika kumbukumbu ya kompyuta kinachomwagika hakipotei, bali huangukia juu ya taarifa za jirani na kuzifuta. Mara nyingi miongoni mwa taarifa hizo huwamo anwani inayoieleza kompyuta ni amri gani itekelezwe baadaye. Mdukuzi akikipanga kwa uangalifu kile kinachofurika, huweka anwani yake mahali pa ile ya asili, na kompyuta huanza kutekeleza amri zake. Asipofanikiwa kufika huko, huweza walau kukizima kifaa.

Lugha ya C, iliyobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiyo inayotumika katika sehemu kubwa ya fimwea za ruta. Ni lugha yenye kasi na isiyohitaji kumbukumbu nyingi, lakini humwachia mwandishi mwenyewe kazi ya kupima. Akisahau mara moja, lugha haimkumbushi.

Hatari hii si ngeni. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachia programu inayojinakili yenyewe, ambayo ilienea katika kompyuta zinazokadiriwa kufikia 6,000. Mojawapo ya njia zake ilikuwa bafa ya baiti 512, katika huduma iliyotumika kutafuta habari za watumiaji. Huduma hiyo ilipelekewa baiti 536 na haikuuliza lolote.

Kosa la mwaka 2015

Programu iliyohusika katika kisa cha ruta inaitwa NetUSB, na imetengenezwa na kampuni ya KCodes ya Taiwan. Kazi yake ni kuiwezesha printa au diski iliyochomekwa kwenye tundu la USB la ruta kutumiwa na kompyuta zote za nyumbani kana kwamba imeunganishwa nazo moja kwa moja.

Kompyuta inapotaka huduma hiyo, hujitambulisha kwa jina lake kupitia mlango wa mawasiliano namba 20005. Pamoja na jina, huitajia ruta urefu wa jina hilo. NetUSB ilikuwa imetenga nafasi ya herufi 64, lakini iliukubali urefu wowote iliotajiwa na mgeni, kisha ikalipokea jina lote.

Mambo mawili yaliongeza uzito wa kosa hilo. La kwanza, NetUSB hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, mahali penye mamlaka yote juu ya kifaa. Anayefanikiwa kuingia hapo hahitaji kutafuta ngazi nyingine ya kupanda. La pili, ukaguzi uliowekwa ili kumtambua mgeni ulitegemea funguo za siri zisizobadilika, zilizoandikwa ndani ya programu yenyewe. Funguo hizo zilipatikana pia katika programu ya upande wa kompyuta ambayo mteja yeyote alikuwa nayo, hivyo hazikuwa siri tena.

Kwa kawaida mshambuliaji alihitaji kuwa tayari ndani ya mtandao wa nyumba au ofisi, kwa mfano kupitia kompyuta iliyoambukizwa. Hata hivyo, watafiti walikuta pia vifaa ambavyo mlango huo ulionekana wazi kutoka kwenye intaneti.

Kampuni moja, chapa nyingi

Ruta huuzwa kwa jina la kampuni moja, lakini ndani yake mna kazi za kampuni kadhaa. Mmoja hutengeneza kichakato, mwingine huandika programu ya kuongoza mawasiliano ya Wi-Fi, mwingine hutoa huduma ya USB, na mwenye chapa huviunganisha na kuvitia katika sanduku lake.

Ndiyo maana kosa la KCodes lilionekana kwa mpigo katika vifaa vya D-Link, Netgear, TP-Link, Trendnet na ZyXEL. Baadhi ya chapa hizo huuzwa pia katika maduka ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mnunuzi aliyebadilisha chapa moja kwa nyingine akitafuta usalama zaidi huenda alibeba kosa lilelile katika sanduku la rangi tofauti. Baadhi ya watengenezaji walitoa masasisho, na TP-Link ilipanga kurekebisha aina zipatazo 40 za vifaa vyake. Kwa upande wake, Netgear iliwaeleza watafiti kwamba katika vifaa vyake hapakuwa na njia ya kuizima huduma hiyo wala kuufunga mlango wake, hivyo watumiaji walilazimika kusubiri fimwea mpya.

Kosa jingine, programu ileile

Mwezi Januari mwaka 2022, kampuni ya SentinelOne ilitangaza udhaifu mwingine katika NetUSB, ulioorodheshwa kama CVE-2021-45608. Safari hii programu ilikuwa inahesabu, lakini hesabu yenyewe ndiyo iliyokuwa na mtego.

Mgeni aliitajia ruta ukubwa wa ujumbe wake, nayo NetUSB ikaongeza 17 ili kupata nafasi ya kutenga. Namba iliyotumika ina kikomo cha 4,294,967,295. Mgeni akitaja kikomo hicho, kuongeza 17 huirudisha hesabu mwanzo, mfano wa mita ya gari iliyofika tisa zote na kurudi kwenye sifuri. Matokeo yake ni 16. Programu hutenga nafasi ya baiti 16 tu, kisha huanza kuandika ndani yake ujumbe usiotoshea.

Vifaa vilivyotajwa vilikuwa vya Netgear, TP-Link, Tenda, EDiMAX, D-Link na Western Digital, na idadi yake ilikadiriwa kuwa mamilioni. SentinelOne iliijulisha KCodes mwezi Septemba 2021, marekebisho yakapelekwa kwa watengenezaji, na Netgear ikatoa tahadhari kwa wateja wake mwezi Desemba. Wakati wa kutangazwa kwake, watafiti walisema hawajaona ushahidi kwamba udhaifu huo ulikuwa umetumiwa na wahalifu.

Kutoka kiwandani hadi nyumbani

Ufa ukizibwa katika msimbo wa KCodes, safari ndiyo kwanza imeanza. Kila mwenye chapa lazima aiingize sehemu iliyorekebishwa katika fimwea ya kila aina ya ruta yake, aijaribu, na kuiweka mahali pa kupakuliwa. Kisha mwenye nyumba lazima ajue kwamba ipo. Ruta nyingi za zamani hazijisasishi zenyewe, na nyingine zimeshaachwa na watengenezaji wake kwa kuwa hazizalishwi tena. Kifaa cha namna hiyo huendelea kutoa intaneti vizuri kwa miaka mingi, na uzima huo ndio unaomfanya mwenyewe asishuke.

Kwamba wadukuzi wanazihitaji ruta hizo si jambo la kubuni. Mwezi Mei 2018, kitengo cha Talos cha kampuni ya Cisco kilifichua programu hasidi ya VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54. Tarehe 31 Januari 2024, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa mamia ya ruta zilizotekwa, nyingi zikiwa za Cisco na Netgear ambazo watengenezaji walikuwa wameacha kuzisasisha. Marekani ililihusisha tukio hilo na wadukuzi wanaoungwa mkono na serikali ya China, China imekanusha.

Baadhi ya serikali zimeanza kuihamisha sehemu ya mzigo huu kutoka kwa mnunuzi. Nchini Uingereza, sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024 inawataka watengenezaji waeleze ni kwa muda gani kifaa kitapewa masasisho, na inakataza nywila moja kwa vifaa vyote. Umoja wa Ulaya nao umepitisha sheria ambayo masharti yake makuu yataanza kutumika tarehe 11 Desemba 2027, ikiwemo wajibu wa kuvihudumia vifaa kwa usalama, kwa kawaida kwa muda usiopungua miaka mitano.

Hatua za mwenye ruta

Wataalamu hushauri kuanza kwa kusoma aina na namba ya toleo iliyobandikwa chini ya ruta, kisha kutafuta katika tovuti ya mtengenezaji kama fimwea mpya ipo. Ruta iliyotolewa na kampuni ya intaneti kwa kawaida husasishwa na kampuni hiyo, hivyo ndiyo ya kuulizwa. Huduma zisizotumika, kama vile kushirikisha printa kupitia USB au kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba, zizimwe. Nywila ya kiwandani ibadilishwe, ingawa nywila peke yake isingelizuia lolote kati ya makosa mawili ya NetUSB.

Endapo mtengenezaji ametangaza kwamba hatatoa tena masasisho, hakuna mpangilio utakaoliondoa kosa lililokwisha kuingia ndani ya kifaa. Hapo linabaki jambo moja, nalo ni kukibadilisha. Na kwa anayenunua ruta, iwe mpya au iliyokwisha kutumika, swali la mpaka lini itasasishwa lina uzito sawa na la bei na la kasi.