Usiyeyushe saa kabla ya kuisoma

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Juma hili nataka tuitazame mali ambayo daftari lake limo ndani yake yenyewe. Ni saa ya mfukoni, ile ya babu zetu, yenye mkufu na kifuniko.

Mwezi uliopita nilikuwa Shinyanga mjini. Mama mmoja mtu mzima, mjane wa gadi wa treni, aliniita nyumbani kwake akanifungulia kitambaa. Ndani mlikuwa na saa yenye rangi ya dhahabu. Dalali kutoka Geita alikuwa amekwisha iona, akataka kuinunua kwa gramu, aivunje na kuiyeyusha. Mama alihitaji fedha za karo ya mjukuu wake. Lakini shemeji zake walimkataza. Walidai ni saa ya Mjerumani, kwamba baba mkwe wake aliipata katika vita ya 1914 hadi 1918, na kwamba saa ya Mjerumani haina bei.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa redio," akaniambia. "Nisomee ukweli wake."

Nani katika Kanda ya Ziwa hajasikia hadithi za mali ya Mjerumani? Wako watu waliouza ng'ombe kwa ajili ya hadithi hizo. Basi, kabla ya kuisikiliza hadithi, hebu tujiulize saa hizi zilifikaje huku.

Julai 1858, John Speke aliondoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini hadi ziwani. Wapelelezi wale walibeba saa si kwa kujua wakati wa chakula, bali kwa kupimia mahali walipo duniani. Baadaye wakaja maofisa wa Kijerumani, kisha Waingereza. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza, ikipitia Shinyanga. Katika reli ya njia moja, treni mbili hupishana stesheni tu, na saa iliyochelewa dakika chache yaweza kuua watu. Kisha yakaja machimbo. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza miaka ya 1930 ukafungwa 1966, na almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Wahandisi, makarani, wenye maduka na wafanyakazi wa reli, wote waliweza kuwa na saa mfukoni. Kwa hiyo kusema "ni ya zamani" hakutoshi kuthibitisha ilitoka kwa nani.

Nikafungua kifuniko cha nyuma. Ndani palikuwa na maneno ya Kiingereza yanayotoa dhamana ya miaka 20. Wengi huyaona maneno hayo wakafurahi, kumbe ndiyo yanayowaumbua. Watengenezaji wa Marekani waliyapiga kwenye makasha ya shaba yaliyovikwa bamba jembamba la dhahabu, wakimaanisha kuwa bamba hilo lingestahimili miaka 20 kabla ya kulika. Kasha la dhahabu halisi aghalabu hutaja karati zake, au hubeba namba kama 585 na 750. Na kwa saa za Ujerumani, tangu 1888 fedha ilipigwa chapa ya mwezi mwandamo na taji, na dhahabu chapa ya taji ndani ya jua. Saa ya mama haikuwa na jua wala mwezi.

Nikaitazama mashine. Jina lilikuwa Waltham, kiwanda cha Massachusetts, Marekani. Namba ya mashine ndiyo huonyesha umri, kwa kuwa orodha za namba za kiwanda hicho zimehifadhiwa. Hii ilinipeleka mwaka 1908. Namba ya kasha ilikuwa tofauti kabisa, lakini hapo usikimbilie kupiga kelele kwamba ni bandia. Saa za Kimarekani za wakati ule mara nyingi ziliuzwa mashine mbali na kasha mbali, mnunuzi akachagua dukani. Shahidi wa kuaminika zaidi ni skrubu. Ukiona kwenye ukingo wa kasha alama za skrubu mahali ambapo sasa hapana skrubu, ujue kasha hilo liliwahi kubeba mashine nyingine. Hapa alama hizo zilikuwapo.

Uso wa saa, wa enameli nyeupe, ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Huo ni uzee wa kawaida. Mshale wa dakika ulikuwa wa umbo tofauti na wa saa, maana yake mmoja ulibadilishwa. Niliomba pia saa isipigwe msasa wala kung'arishwa. Bamba likiisha, shaba huchungulia, na anayekusanya saa za kale huipenda iliyochakaa kwa haki kuliko inayong'aa kwa hila. Na kama namba za uso wa saa ya kale zimepakwa rangi ya kung'aa gizani, usizikwangue, kwani nyingi zilipakwa radiamu, nayo ni sumu.

"Mayu," nilimwambia, "mashine ni ya kweli, lakini kasha ni la saa nyingine, na dhahabu yake ni ya ngozi tu. Haina ushahidi wowote wa Mjerumani."

Alinyamaza. Nilijua nimemnyang'anya karo kwa maneno machache. Mwishowe akasema, "Marehemu hakunidanganya. Alinisimulia alivyosimuliwa."

Hapo nikageuza kifuniko kwenye mwanga. Mafundi saa wana desturi ya kukwaruza ndani yake alama ndogo kila wanapoitengeneza saa. Nilihesabu nne. Ya kwanza ilikuwa ya 1931. Ya mwisho ilisomeka TBR 1968. Nilipomsomea, mama aliushika mkono wangu. "Hiyo ni Tabora. Ndipo tulipoanza maisha, mwaka huohuo."

Ndugu msikilizaji, Januari 1980, bei ya dhahabu ilipofika dola 850 kwa wakia, makasha mengi ya dhahabu yaliyeyushwa duniani. Mashine zikabaki uchi, na yote yaliyoandikwa ndani ya vifuniko yakapotea. Geita ina soko la dhahabu tangu Machi 2019, na mizani yake hupima uzito na ubora. Hakuna mizani ya kupima TBR 1968.

Sikumshauri mama asiuze. Mwenye shida ndiye ajuaye shida yake. Nilimwomba tu asikubali ivunjwe, na asiiuze kwa jina la Mjerumani, kwani mnunuzi anayejua ataifungua kama nilivyoifungua mimi.

Aliniletea karatasi ya daftari la mjukuu. "Andika basi yote uliyoyasoma," akasema, "na hilo la kasha pia." Nikaandika, tukaikunja karatasi tukaiweka pamoja na saa ndani ya kitambaa.

Nawe kama unayo ya babu, ifungue kwanza. Kwaherini hadi juma lijalo.