Boma la Mjerumani pale Ikoma

Wadau wa Nyambureti na Serengeti kwa ujumla, wengi wetu tukisikia Ikoma tunawaza geti la hifadhi tu. Kumbe Fort Ikoma ni ngome ya mawe waliyoijenga Wajerumani kilimani, bonde la mto Grumeti, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Juni 1917 ofisa wao Heinrich Naumann, aliyejitenga na jeshi kuu, alipigana hapo na Wabelgiji. Miezi michache baadaye akajisalimisha kwa Waingereza. Vitabu vinamtaja sana yeye. Wapagazi waliombebea risasi na chakula? Hata jina moja hamna! Mwenye babu aliyesimuliwa na baba yake amuulize sasa: yale mawe waliyabeba akina nani?